Vikundi sita, mtaa mmoja: jinsi ya kuungana mkaamsha kitaa bila kugombea spika

Kama uko Ngamiani, Chumbageni au hata Makorora, mitaa yetu ya Tanga, na una kikundi chako, kiwe cha taarab, cha ngoma, cha kasida, cha maigizo, cha mashairi, au klabu ya mpira yenye jezi seti moja na mpira mmoja, na mnaona mtaa ikifika saa mbili usiku umeshalala, maduka yamefungwa, taa zenyewe za kuhesabu, vijana wamebaki kukaa juu ya pikipiki zao wanachezea simu, basi maelezo haya ni yenu. Ntaeleza namna vikundi vinavyoweza kushikana vikarudisha watu mtaani. Sitaweka hatua ya kwanza hatua ya pili maana kazi yenyewe haiji kwa foleni, mara nyingi unajikuta unafukuzia kibali huku mnabishana kuhusu viti huku mwenye nyumba kapiga simu anataka kodi yake, yote siku moja.

Kwanza kabisa wekeni pembeni wazo la tamasha. Najua ndio linalotangulia kwenye kila kikao, mtu anasimama anasema tufanye tamasha kubwa tumwalike waziri, wote makofi. Tamasha la siku tatu kwa mtaa wa kawaida ndio lile la waja leo waondoka leo, linakula nguvu za mwaka mzima, linaacha madeni ya maturubai, na jumatatu asubuhi mtaa uko vile vile na takataka juu yake. Watu hunitajia Bagamoyo, ati mbona wenzetu wana tamasha tangu 1982. Sawa, ila angalieni nyuma ya lile tamasha kuna nini, kuna chuo cha sanaa kilichoanza 1981 ambacho leo ndio TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kuna walimu, kuna wanafunzi wanaofanya mazoezi kila siku ya Mungu, na hata ukumbi wao ulipoungua 2002 shughuli hazikufa maana chuo chenyewe kilikuwepo. Tamasha pale ni mavuno, nyie bado shamba hamjafyeka.

Kinachoamsha mtaa ni siku inayojirudia. Ndogo tu, lakini ijulikane. Kila jumamosi ya mwisho wa mwezi barabara fulani kuna jambo, hata mtu akiwa Muheza anajua, hata asipoona tangazo anajua. Mama ntilie anaanza kununua unga wa ziada kwa ajili ya siku hiyo, muuza kahawa anahamisha birika lake, fundi baiskeli anachelewa kufunga. Hao watatu wakishaanza kupanga biashara zao kwa kufuata kalenda yenu mjue kazi imeshika, kabla ya hapo mnajifurahisha wenyewe tu.

Sasa hili la kuungana. Watu wengi wakisikia muungano wanadhani ni kuvunja vikundi vyote kibaki kimoja, chenye mwenyekiti mmoja na sare moja. Tanga haijawahi kuchangamka namna hiyo jamani. Zama za beni, ile ngoma ya kuiga bendi na gwaride za kijeshi, watu waligawanyika Marini na Arinoti wakashindana kwa mavazi, kwa gwaride, kwa karamu. Ikaja dansi, huku Atomic Jazz huku Jamhuri Jazz. Taarab nayo Black Star na Lucky Star. Mpira ndio usiseme, Coastal Union na African Sports, uwanja mmoja wa Mkwakwani, na wapo wazee mpaka leo ukitaja ule ubingwa wa Coastal wa 1988 mbele ya mwana Kimanumanu, yaani shabiki wa African Sports, anajifanya hasikii. Mji huu miaka yote umeenda kwa upinzani, watu walijitokeza kwa sababu upande wao unahitaji kushangiliwa. Kwa hiyo ukiua upinzani ili upate umoja umeua chenyewe ulichokuja kukifufua.

Ninachoshauri ni kugawa mambo mafungu mawili. La kwanza ni vitu vya wote, yaani kalenda, spika, viti, maturubai, vibali na daftari la hela. La pili ni vya kila kikundi na mtu asiguse, jina, sare, nyimbo, mashabiki, na hata maneno ya kutupiana vijembe maana taarab bila kijembe ni nini. Kila mwezi wekeni vikundi viwili vikutane, kasida na kwaya ya kanisa hapana, hao wapeni siku zao, lakini ngoma kwa ngoma au maigizo kwa maigizo inapendeza sana. Mshindi asipewe hela, apewe nafasi ya kupanda mwisho mwezi unaofuata. Ile nafasi ya mwisho ya jukwaa watu wataigombea kuliko laki mbili, na nyie haijawagharimu kitu.

Kikao cha kwanza

Kisifanyike kwenye ofisi ya kikundi chochote. Anayewapa wengine viti na soda siku ya kwanza anajihesabu mwenye mali, mtamkuta mwezi wa tatu anasema "mimi ndio niliyewaita nyumbani kwangu". Kaeni barazani kwa mtu asiye na kikundi, au uwanja wa shule jumapili, au ombeni nafasi maktaba ya mkoa mchana.

Na msiwaite wasanii peke yao. Mwiteni imamu au ustadhi wa msikiti ulio jirani, tena huyu mwendeeni kabla ya kikao mkamsalimie nyumbani kwake, mzee wa kanisa kama kanisa liko jirani, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, kina mama wa vikoba, kiongozi wa bodaboda, mwenye duka kubwa pale kona, na watu wawili watatu wa kijiwe cha kahawa na bao, hawa ndio redio ya mtaa, wakiwaunga mkono habari imefika na wakiwapinga imefika vile vile. Wapo pia watu wa makumbusho ya Urithi, pale kwenye Boma la zamani la Mjerumani, wana picha na vifaa vya mji huu ambavyo vijana wengi wa ng'ambo ya reli hawajawahi kuviona, na ni rahisi kuanza nao maana kuhifadhi kumbukumbu za mji ndio kazi yao.

Kwenye kikao msiulizane mnataka nini. Mkiulizana hivyo mtapata orodha ya ufadhili. Ulizaneni kila mmoja ana nini. Mtu aandike kwenye karatasi kubwa ya manila ukutani wote waone. Hiki kikundi kina spika mbili na miksa ila moja inakoroma. Hawa wana viti vya plastiki themanini. Huyu ana uani mkubwa na mwembe. Yule mpwa wake anajua kupiga picha. Ustadhi ana vijana wa dufu. Mama fulani ana sufuria za shughuli. Mwalimu ana mwandiko mzuri wa mabango. Ndani ya nusu saa watu wanaanza kushangaa kwamba vitu wanavyovikodi mjini kila mara vimejaa mtaani kwao.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapotokea na ni mzuri tu, acheni utokee mapema. Mara nyingi unakuwa hivi:

"Shangazi, hizo spika zenu tukizihitaji jumamosi inakuwaje?"

"Spika zangu haziguswi na mtu asiyejua kuzima mashine, mwanangu. Mwaka ule harusi ya kwa mzee mmoja hapa waliniunguzia moja wakaniletea pole na sahani ya pilau."

"Sasa shangazi akija fundi wako mwenyewe, nasi tukamlipa?"

"Akija wangu, na nauli yake, na mkaniandikia."

Hilo neno la mwisho ndio msingi wa kila kitu. Mkaniandikia.

Andikeni, lakini msikimbilie kusajili

Kosa la kawaida ni kukimbilia kusajili shirika jipya lenye jina refu, katiba kurasa ishirini na nafasi nane za uongozi, kabla hamjafanya hata jumamosi moja pamoja. Usajili una gharama zake na taarifa za kila mwaka, na ukishasajili watu wanaanza kugombea vyeo. Kama kila kikundi tayari kina usajili wake, wa sanaa wako BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wengine wamesajiliwa kama jumuiya au shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2002, wengine ni kikundi cha halmashauri tu, inatosha kwa kuanzia. Mnachohitaji ni hati ya makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili, kila kiongozi anasaini, mashahidi wawili, na nakala ibaki kwa mtendaji wa mtaa ikiwa na muhuri. Yule ambaye hana usajili wowote asaidiwe aende kwa Afisa Utamaduni wa Jiji, huyo ndiye mlango wenu na atawaambia kinachotakiwa, mzoeeni tu, nendeni mkamsalimie hata mkiwa hamna shida.

Ndani ya ukurasa huo kuna mambo matano sita tu. Nani ana zamu mwezi gani. Kifaa kikiharibika nani analipa, na hapa muwe wazi kabisa, mfano kifaa kikiungua kwa umeme kukatika na kurudi mfuko wa pamoja unalipa nusu na mwenye kifaa nusu, kikiungua kwa uzembe wa kikundi kilichokitumia kikundi hicho kinalipa chote. Nani anashika hela na nani anashika daftari, wasiwe mtu mmoja wala mtu na mkewe. Siku ya msiba mtaani inakuwaje. Na kikundi kikitaka kujitoa kinajitoaje, maana kitajitoa, wallahi kitajitoa tu, na kama mlishaandika kwamba kinachukua vyake na kuacha mchango wake wa mwezi huo basi mnaagana vizuri na mwaka unaofuata kinarudi.

Uenyekiti uwe wa zamu miezi mitatu mitatu. Watu wanaona ni usumbufu, mimi naona ndio dawa, kwa sababu mwenyekiti wa kudumu akigombana na kikundi kimoja muungano mzima umegombana nacho.

Tarehe

Kalenda ya Tanga haipangwi kwa kuangalia ukutani tu. Ramadhani mnasimama, au mnabadilisha mnafanya kitu cha baada ya tarawehe, mashindano ya kusoma, futari ya pamoja. Mfungo sita kuna maulidi na zefe, hapo msishindane nao, ombeni kuwa sehemu yao, wapeni viti vyenu bure. Machi mpaka Mei ni masika, barabara za Ngamiani nyingine zinakuwa mto, tafuteni ukumbi au uani wenye bati. Jumamosi Coastal anacheza nyumbani hamna mtu, sogezeni. Na msifanye siku ya mnada au siku kuna mkutano wa siasa Tangamano, spika zitajibizana.

Muda nao. Anzeni alasiri baada ya swala, watoto wapate sehemu yao, maigizo, ngoma za asili kama mdumange wa Wasambaa, michezo ya kamba na rede. Ikikaribia magharibi zimeni kila kitu, sio kupunguza sauti, kuzima, na mzime kabla ya adhana maana mkizima adhana ikiwa imeanza mmeshachelewa. Mkirudi baada ya isha ndio taarab na mashairi, na saa nne usiku muziki uishe. Najua watu wa taarab hawapendi, taarab ni ya usiku wa manane, lakini mzee mgonjwa wa nyumba ya tatu naye ni mtu wa mtaa, na akienda kulalamika kwa mjumbe mara mbili mnapoteza kibali. Zile za kukesha pelekeni ukumbini.

Vibali havina siri. Barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, nakala kata, nakala kwa Afisa Utamaduni, na taarifa ya maandishi polisi angalau masaa 48 kabla, hasa kama kuna maandamano kama zefe au gwaride la beni. Mimi nashauri wiki mbili kabla, na barua moja itaje tarehe zote za miezi sita, sio kila mwezi mnakwenda kubembeleza upya. Mkitaka kufunga barabara semeni ni kipande gani, kutoka kona ipi mpaka kona ipi, saa ngapi mpaka saa ngapi, na bajaji zitapita wapi. Ukienda na mchoro wa kalamu kwenye karatasi unaonekana mtu makini, umeshinda nusu ya mazungumzo.

Baraza, milango na nyumba za watu

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo pesa nyingi zinapotelea.

Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani mnaijua, baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unapita mpaka uani, vyumba huku na huku. Lile baraza ndio jukwaa lenu, tayari lipo, limeinuka na lina kivuli. Barabara moja yenye baraza kumi nzima haihitaji ukumbi. Tembeeni mtaa mzima mkihesabu, baraza ngapi zimebomoka, ngapi zimejengewa fremu za duka, ngapi mtaro umekula. Kukarabati baraza moja ni mifuko michache ya saruji, mawe na fundi wa siku mbili, na mwenye nyumba anafurahi maana nyumba yake imependeza, mnakubaliana tu kwamba jumamosi ya mwisho baraza ni la wote.

Lakini kuta msizipige plasta ya saruji bila kumuuliza fundi mzee. Ukuta wa udongo na miti, au ukuta wa mawe ya matumbawe kama ule wa majengo ya kale ya mjini, unapumua, unavuta unyevu chini na kuutoa pembeni. Ukiufunika na saruji unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inapanda, baada ya masika mawili plasta inavimba halafu inadondoka na kipande cha ukuta. Chokaa iliyolowekwa ikaiva ndio inayofaa, inachukua muda zaidi ila inakaa. Na jengo kubwa lililochoka msiliingie kwa kujitolea na vijana wenye nyundo. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, sehemu yake ilianguka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu walikufa, na ile ilikuwa na wataalamu.

Kabla ya kugusa ukuta wowote jueni nyumba ni ya nani kweli. Majengo mengi ya ghorofa ya upande wa mjini, yale yenye roshani na duka chini, yalitaifishwa 1971, sheria ile ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ya wakati ule, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo anayewakaribisha anaweza kuwa mpangaji tu, hana ruhusa ya kutoboa hata tundu la bomba. Nyingine ni wakfu. Na za Ngamiani nyingi ni za mirathi ambayo haijagawanywa, marehemu babu ana watoto kumi na moja, wawili Oman, mmoja Dar, mmoja hasemeshani na wenzake, na aliyebaki ndani ya nyumba ndiye anayewaambia "fanyeni tu hamna shida". Shida ipo. Mkishapaka rangi na kuweka umeme, yule wa Dar anakuja anaona nyumba imependeza, anataka kuuza. Ombeni barua ya msimamizi wa mirathi, au angalau sahihi za warithi watatu wakubwa na mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi.

Halafu jambo moja la sheria ambalo watu hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa Tanga hii ya Boma, stesheni, reli iliyoanza kujengwa 1893, karibu yote imekuja baada ya hapo. Maana yake jengo la Mjerumani au la Mhindi mnaloliona la kale sana halilindwi mpaka litangazwe rasmi, mwenye nalo akipata kibali cha jiji analivunja asubuhi. Ndio maana msikae mkisema serikali italinda, pigeni picha, andikeni historia yake, pelekeni maombi kupitia jiji kwa watu wa Mambo ya Kale. Ila milango ya nakshi iko tofauti, mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, hauzwi na kutolewa ovyo. Akija mtu na gari aina ya kanta anamwambia bibi kizee "mlango huu mbovu nitakupa wa chuma mpya", kijana mmoja akimbie kwa mtendaji. Muungano wenu ufanye orodha ya milango yote ya mtaa, picha moja moja, mbele na bawaba zake. Kazi ya wiki moja kwa vijana watatu wenye simu.

Hela

Daftari la kaunta, lile gumu, la mistari. Wasapu ni ya kutangazia, hela iandikwe kwenye karatasi. Ukurasa mmoja wa jumamosi moja unaweza kusomeka hivi, ni mfano tu bei zenu mtajua wenyewe: vikundi sita kila kimoja 30,000, ni 180,000. Meza za biashara kumi na nne kwa 5,000, ni 70,000. Mwenye duka la kona katoa 100,000. Jumla 350,000. Upande wa pili, fundi mitambo na usafiri wa spika 150,000, viti vya kuongezea 150 kwa 500 kila kimoja ni 75,000, luku na mafuta ya jenereta 30,000, maji na chai ya wasanii 40,000, usafi 20,000, polisi jamii 30,000. Jumla 345,000. Bakaa 5,000, msicheke, bakaa ni bakaa, iandikwe.

Jumapili asubuhi ukurasa huo upigwe picha urushwe kwenye grupu, na nakala ibandikwe kwenye mti au ukuta wa kijiwe cha kahawa. Wazee watausoma kwa sauti, watahoji mbona chai ni elfu arobaini. Jibuni.

Mama ntilie msiwatoze kabla hawajauza. Ushuru wao kusanyeni saa mbili usiku. Na wafanyabiashara wa mtaa wenyewe wapewe meza kwanza, wa nje wapate zinazobaki.

Kuhusu wafadhili, wakija baada ya mwaka watakuta kitu kinachoenda na nyie ndio mtapanga masharti. Wakija mapema watawapangia wao. Ndani ya nchi kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ambao hukopesha wasanii, na kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hiyo ni mkopo usio na riba, sio zawadi, kwa hiyo ichukueni kwa kitu kinachoingiza, mfano kununua viti na maturubai ya kukodisha. Msikope kulipa wasanii.

Sauti za wazee

Wakati vijana wanahangaika na jukwaa, wapeni wawili kazi ya kurekodi. Wapo bado watu mtaani waliopiga magitaa kwenye bendi, walioimba taarab ya ukumbini, waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na reli. Simu inatosha, chumba kimya, zima feni, na msimkatize mzee akienda pembeni maana huko pembeni ndiko kwenye mambo. Kabla ya kurekodi muulizeni, na kwenye sauti yenyewe aseme jina lake na kwamba amekubali isikilizwe na watu. Kama ameimba wimbo alioutunga mwenyewe ni mali yake, msiurushe mitandaoni bila yeye, na msaidieni aandikishe kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nakala moja abaki nayo yeye au wajukuu, moja kwenu, moja makumbusho. Jumamosi mkipiga dakika tano za sauti ya bibi akieleza barabara ya nane ilikuwaje, halafu bibi mwenyewe amekaa kiti cha mbele, mtaona watu wanavyonyamaza.

Kodi ikipanda

Hili watu hawalifikirii mpaka limewakuta. Mtaa ukichangamka kodi zinapanda, na Tanga kwa sasa zina sababu nyingine za kupanda, bandari imepanuliwa, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, wageni wanatafuta nyumba. Waliouchangamsha mtaa ndio wanakuwa wa kwanza kuhama. Haya yamewakuta wengi duniani, kule Houston, Marekani, wasanii weusi saba walianza 1993 na vibanda 22 vya mbao vilivyokuwa vinasubiri kubomolewa, wakavigeuza vya sanaa na vya kina mama vijana wenye watoto, eneo likapendeza, bei ya ardhi ikapanda, na ikabidi baadaye wawe na shirika dada la kujenga nyumba za kupangisha kwa bei ya chini ili wenyeji wasifukuzwe.

Nyie hamna uwezo wa kujenga nyumba, ila mnaweza kuandikiana mkataba. Kila sehemu mnayoikarabati kwa nguvu zenu, mkataba uwe wa miaka mitatu au zaidi, kodi iandikwe inapanda kiasi gani na lini, na gharama mlizoweka zikatwe kwenye kodi. Mwenye nyumba akikataa kuandika msiweke hata msumari, hamieni baraza la jirani. Na mama ntilie aliyeanza na nyie akitaka fremu, muungano umdhamini kwa barua, maana yeye akiondoka jumamosi yenu haina harufu ya mihogo na watu hawakai.

Mwezi wa nne au wa tano watu watapungua, ni kawaida, upya umeisha na bado haijawa mazoea. Msiongeze wasanii wa kutoka Dar kuwavuta. Punguzeni eneo, badala ya kipande kizima cha barabara tumieni baraza tatu zilizo karibu ili watu sitini waonekane wamejaa, na fanyeni tarehe ile ile, saa ile ile, hata mvua ikinyesha wawepo wawili na dufu. Ufunguo wa stoo ya spika uwe na nakala tatu, mmoja kwa mwenye zamu, mmoja kwa fundi mitambo, mmoja kwa shangazi mwenye spika, na yeyote anayetoa kifaa anasaini kwenye daftari la pili, dogo, lililofungwa na kamba kwenye kitasa.